Kabla Hujaenda Kutalii Paris: Mambo ya Kuzingatia

Viatu kwanza. Vaa vilivyokwisha kuzoea mguu, maana Paris utatembea sana na sehemu nyingine ni juu ya mawe.

Tiketi ya Mnara wa Eiffel ikate mapema kwenye tovuti ya mnara wenyewe. Tiketi za lifti hufunguliwa hadi siku 60 kabla, na za kufika kileleni huisha upesi. Ukizikosa, zipo ngazi: 674 mpaka ghorofa ya pili. Mwenye magoti mabovu asijaribu. Upepo ukizidi, kilele hufungwa hata kama umeshalipa, kwa hiyo usiuweke mnara siku yako ya mwisho.

Angalia siku za kufungwa. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, makumbusho ya Orsay Jumatatu, na kasri la Versailles Jumatatu pia. Kila Jumanne kuna watu wanaofika kwenye ile piramidi ya kioo ya kuingilia Louvre na watoto wao, wakaishia kupiga picha nje. Jumatano na Ijumaa Louvre hufunga saa 3 usiku, na jioni ndiyo nafuu ya msongamano.

Kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, kuingia ni bure. Anayekuuzia tiketi ya kuingia kanisani anakuibia. Arc de Triomphe, lile lango kubwa la ukumbusho, ifikie kwa njia ya chini ya ardhi. Usithubutu kukatiza ule mzunguko wa magari, barabara 12 zinakutana pale.

Sasa pasipoti. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Tulikuwa na mama mmoja kwenye kundi letu, mtu makini kabisa. Ijumaa alasiri tulisimama Trocadéro, pale kila mtu anapopigia picha mnara. Wakaja wasichana watatu wenye karatasi za kukusanya saini, wakijifanya mabubu, kwamba wanachangisha kwa ajili ya viziwi. Mmoja akamwekea ubao wa karatasi kifuani, juu kabisa ya mkoba, akampa na kalamu. Mama akainama kuandika jina. Chini ya ule ubao mkono wa pili ulikuwa kazini, na zipu haikutoa sauti yoyote. Walipoondoka walimshukuru kwa ishara, wakitabasamu.

Pochi ilikuwa na kila kitu: pasipoti yenye viza, kadi zote za benki, na euro alizobakiza. Tulipomaliza polisi, ubalozi ulikuwa umeshafunga mpaka Jumatatu, na ndege yetu ilikuwa Jumapili. Sisi tukaondoka, yeye akabaki. Namba ya pasipoti hakuikumbuka, nakala hakuwa nayo. Kilichomwokoa ni mwanawe nyumbani, aliyepekua simu ya zamani akakuta picha ya ukurasa wa kwanza. Kwa picha ile na ripoti ya polisi akapata hati ya dharura ya kusafiria. Tiketi mpya ya ndege alilipiwa na ndugu kwa kuchangishana.

Kwa hiyo, kabla hujafunga sanduku, piga picha ukurasa wa kwanza wa pasipoti na ule wa viza. Jitumie kwa barua pepe, mtumie na mtu mmoja nyumbani. Pasipoti ivae mwilini, kwenye kile kifuko bapa cha ndani ya nguo. Kadi moja tembea nayo, nyingine ifungie hotelini. Hakuna saini utakayoombwa barabarani Paris iliyo na faida kwako. Sema "non", yaani hapana, na usisimame, hata kwa adabu. Kwenye ngazi za Sacré-Cœur, kanisa la juu ya kilima, wapo wanaokufunga uzi mkononi kisha wanadai pesa. Mikono mfukoni, endelea kupanda.

Kwenye metro, treni za chini ya ardhi, tiketi au kadi uliyoingilia kaa nayo mpaka utoke nje ya kituo, wakaguzi hawana mchezo. Usikae karibu na mlango simu ikiwa mkononi, maana hupokonywa pale pale milango inapofunga. Uwanja wa ndege usimfuate dereva anayekuita ndani ya jengo. Fuata bango la teksi, nauli ya kwenda mjini imepangwa. Begi la mgongoni likae kifuani penye watu wengi. Na mtu asiyekujua akikuambia umeangusha pete ya dhahabu, usiiguse, pita.