Namna ya Kufanya Mastaringi ya Rekodi ya Sauti kwa Kompyuta

Mastaringi ni hatua ya mwisho ya kuitengeneza rekodi, inayofuata baada ya ala na sauti za waimbaji kuunganishwa katika miksi, na lengo lake ni kuhakikisha kwamba rekodi hiyo itasikika vizuri popote itakapochezwa. Hatua hii haiwezi kuponya miksi mbaya. Ikiwa mwimbaji amezama chini ya ngoma, rudi kwenye miksi urekebishe huko, kwa sababu katika mastaringi unashughulikia faili moja ambamo kila kitu kimeshaungana, na ukimwinua mwimbaji utainua pia magitaa yaliyo katika masafa yaleyale, yaani kiwango kilekile cha uzito au wembamba wa sauti.

Toa miksi yako kama faili la WAV la biti 24, kwa kasi ileile ya sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) uliyorekodia, bila limita, kifaa kinachozuia vilele visivuke ukomo, kwenye chaneli kuu. Vilele vya sauti vibaki kati ya desibeli -6 na -3 (sifuri ndiyo kikomo cha juu cha faili) ili upate nafasi ya kufanyia kazi. Usianze na MP3, kwani faili la namna hiyo limeshapoteza sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa. Programu si kikwazo: Audacity, ambayo hupatikana bure, inatosha, na Reaper inafaa vilevile.

Kabla ya kubadilisha chochote, sikiliza. Chagua wimbo wa aina ileile ambao unauamini, uuingize katika treki ya pembeni, kisha upunguze sauti yake mpaka ilingane na ya kwako. Kulinganisha huku ndiko kiini cha kazi nzima. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio la binadamu hudhoofika zaidi katika masafa ya chini, na kwamba udhaifu huo hupungua kadiri sauti inavyopanda. Ndiyo maana rekodi iliyoongezwa sauti kidogo tu hudhaniwa kuwa na besi nzuri zaidi, hata kama haijaboreshwa kwa lolote. Kwa hiyo, kila unapoweka efekti, rekebisha sauti inayotoka hadi ilingane na ya awali, kisha uizime na kuiwasha mara kadhaa; kama husikii faida, iondoe bila huruma.

Katika ikwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza masafa fulani, kata masafa yaliyo chini ya hezi 25 au 30, ambayo spika nyingi haziwezi kuyatoa lakini hula nafasi ya sauti nyingine. Rekodi ikisikika nzito na yenye ukungu, punguza kidogo kati ya hezi 200 na 400. Herufi "s" zikichoma masikio, chunguza kati ya kilohezi 5 na 8. Desibeli moja au mbili kwa kawaida zinatosha. Ukijikuta unahitaji sita, kasoro iko kwenye miksi.

Kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, nayo iwe ya upole: uwiano wa 1.5:1 au 2:1, muda wa kuanza kubana wa takriban milisekunde 30 ili mipigo ya ngoma isipoteze makali yake, na upunguzaji usiozidi desibeli mbili.

Limita huja mwisho. Weka ukomo wake katika desibeli -1, kwa kuwa kubadilisha faili kuwa MP3 kunaweza kuviinua vilele na kuleta mikwaruzo. Ukubwa wa sauti kwa ujumla, jinsi sikio linavyousikia, hupimwa kwa kipimo kiitwacho LUFS. Spotify huupeleka muziki karibu na -14 LUFS kwa mpangilio wake wa kawaida, hivyo wimbo uliobanwa hadi -7 utateremshwa, nao utakuwa umepoteza uhai wake bure. Kwa vipindi vya mazungumzo, -16 LUFS ni kiwango kinachofaa.

Hifadhi nakala kuu ya WAV yenye biti 24. Kwa ajili ya CD, toa nakala ya kilohezi 44.1 na biti 16, ukiwasha ditha (mvumo mdogo sana unaoficha kasoro za kupunguza biti) mara moja tu, katika hatua hii ya kutoa faili. Kisha pumzisha masikio, ulisikilize faili lenyewe lililotolewa, tangu mwanzo hadi ukimya wa mwisho, kwa hedifoni, kwa spika na kwa simu, na ukisikia kasoro, irekebishe katika mradi wako, kamwe si juu ya nakala iliyokwisha kutolewa.