Usianze na jalada: kuendesha jarida la wanafunzi wa saikolojia

Sisi tulianza na jalada. Nilikuwa mwaka wa pili, tumekaa watano barazani kwenye nyumba niliyopanga Ngamiani, Tanga, sinia la mihogo na chachandu katikati, tukabishana saa mbili nzima kama ubongo uchorwe kwa samawati au zambarau. Toleo la kwanza likatoka: makala sita, nakala 40. La pili halikutoka mpaka nimemaliza chuo. Nenosiri la barua pepe ya jarida alikuwa nalo mwenzetu mmoja tu, kwenye simu yake. Simu ikaibiwa kwenye daladala ya Pongwe, na makala nne za watu zikafia humo.

Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo. Mwanafunzi ndivyo alivyo: miaka mitatu, kwaheri. Kwa hiyo anza na atakayekuja baada yako. Barua pepe iwe ya jarida, nenosiri wawe nalo watu watatu, mmoja wao mhadhiri mlezi. Nunua kaunta buku. Kila makala ipate mstari wake: imeingia lini, imepewa nani kuihakiki, mwandishi amejibiwa lini. Kompyuta zina raha yake, lakini kaunta buku haiishiwi chaji wala haihitaji bando. Naibu mhariri awe wa mwaka wa pili, kwa sababu mwaka wa tatu ana utafiti wake mwenyewe na akili yote iko huko.

Kuhusu mlezi, tafuta mhadhiri anayejibu ujumbe. Usimfuate mwenye cheo kikubwa eti jina lake lipendeze ukurasa wa kwanza, utamsubiri mpaka muhula uishe. Kazi yake ni kutia saini, kuamua ugomvi na kuwaambia pale mnapokosea maadili. Kuchagua makala ni kazi yenu.

Andikeni ukurasa mmoja unaosema mnapokea nini. Watu wataleta insha za darasani zilizopata alama A, na insha ya A bado si makala. Mimi ningeweka mbele kabisa tafiti za kurudia. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwishatoka kwenye majarida yenye heshima. Karibu zote zilikuwa zimedai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu, lakini ziliporudiwa ni kama asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Miaka mitano kabla yake, watafiti Henrich, Heine na Norenzayan walikuwa wameonyesha kwamba saikolojia inazungumzia binadamu wote huku ikiwapima zaidi watu wa nchi za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo. Sasa mwanafunzi wa Tanga asiye na fedha ya mradi anaweza kuchukua jaribio la zamani, akalirudia vizuri na watu wa Makorora, na akawa amefanya kazi ya maana. Ila asiwapime watu wa hosteli yake peke yao. Hapo atakuwa amerudia kosa lile lile kwa Kiswahili.

Chukua jaribio la Stroop la mwaka 1935: neno la rangi limeandikwa kwa wino wa rangi nyingine, unatakiwa utaje wino, na ulimi unachelewa. Tulipata makala iliyolirudia kwa Kiswahili. Mhakiki mmoja, kijana mkimya sana, akauliza swali ambalo sote lilitupita: kutamka "nyekundu" kunachukua muda kuliko "bluu", je, mwandishi amelinganisha na nini? Jibu lilikuwepo, maana washiriki walikuwa wametaja rangi za viboksi visivyo na neno kwa majina yale yale, lakini mwandishi alilizika kwenye kiambatisho. Tukamwomba alilete juu. Uhakiki ndiyo huo.

Kila makala ipewe wahakiki wawili, na majina yafichwe pande zote mbili. Darasa letu lilikuwa la watu 70, kwa hiyo kufichana kulikuwa nusu mchezo, maana namna mtu anavyoandika inajulikana kama sauti yake. Hata hivyo ficheni, na anayesimamiwa na mhadhiri yule yule wa mwandishi asihakiki. Wapeni wiki tatu. Mhakiki aanze kwa kueleza makala kwa sentensi tatu za kwake. Akishindwa, ama hakuisoma ama makala haieleweki, na yote mawili ni vizuri kuyajua mapema. Halafu ataje matatizo mawili makubwa, kisha madogo. Marufuku kuandika "lugha mbovu" bila kuonyesha mstari.

Barua ya kumrudishia mwandishi iandikwe na mhariri mwenyewe. Usimsukumie mtu maoni ya wahakiki kama yalivyo. Yangu ilikuwa hivi:

"Ndugu mwandishi, tumeipokea makala yako na wawili wameisoma. Hatuwezi kuichapisha ilivyo, lakini tungependa kuiona tena. La kwanza ni sampuli: umesema vijana wa Tanga, na wote 32 wanatoka chuo kimoja. Punguza dai, au ongeza watu. La pili liko jedwali la 2, jumla haifiki 32. Tunaomba majibu kabla ya tarehe 15. Ukihitaji muda zaidi, sema tu."

Hata makala inayokataliwa ijibiwe. Mtu aliyekaa miezi minne bila jibu atawasimulia wenzake kila kijiwe, na mwakani hamtapata makala hata moja.

Hapa kwenye maadili nisomeni taratibu. Kuna dodoso la maswali tisa la kupima sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, linaitwa PHQ-9, ambalo wanafunzi wanalipenda kwa sababu ni fupi na alama zake, 0 hadi 27, ni rahisi kujumlisha. Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe, au ya kujidhuru. Mwenzetu mmoja aliligawa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, bila majina, akaleta makala yenye majedwali mazuri. Nikaomba kuona madodoso yenyewe. Mmoja alikuwa ametia vema kwenye swali la tisa, "karibu kila siku". Hatukuwa na njia ya kumjua. Ilibidi mlezi aingie darasani asubuhi iliyofuata, awaambie wote wapi pa kupata ushauri nasaha, na kwamba mlango wake uko wazi. Mpaka leo sijui ni nani.

Tangu siku hiyo sharti likawa moja: hakuna kibali cha maadili ya utafiti, makala haisomwi. Kibali kiwe na tarehe iliyotangulia ukusanyaji wa data. Kibali cha kuja kuombwa baadaye hakipo, hata mwandishi alie. Na kama dodoso linagusa kujiua, ukatili au ulevi, mwandishi aeleze alipanga kufanya nini endapo mshiriki angehitaji msaada.

Halafu kuna kuficha utambulisho. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mji wetu ni mdogo. Mtu aliwahi kuandika "mshiriki wa 4, mama muuza samaki Deep Sea, mjane, watoto saba, mmoja yuko Muscat". Jina hakuweka. Kulikuwa na haja gani? Nusu ya Tanga ilikwishamjua. Futeni mpaka jirani yake asimtambue.

Matokeo yasiyo na tofauti yapokeeni. Wekeni wazi kwamba makala inapimwa kwa swali na mbinu. Kuna namba inaitwa p, uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hiyo kwa bahati tu. Mwanafunzi akiamini kuwa bila p chini ya .05 hachapishwi, ataanza kuwafuta washiriki mmoja mmoja usiku mpaka namba itii. Nimeona.

Lugha ilitusumbua kuliko fedha. Makala ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia chuoni, lakini tulidai ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwa Kiswahili, na hapo ndipo vita. Mtaani "msongo wa mawazo" ni kila kitu: sonona, wasiwasi, kudaiwa kodi, kuachwa. Kwenye ikisiri lazima mwandishi achague. Tukaamua sonona kwa ugonjwa wenye dalili zake, wasiwasi kwa hofu isiyoisha, msongo kwa shinikizo la maisha, tukayaandika nyuma ya kaunta buku ili toleo lijalo lisianze upya.

Kuchapisha kwenyewe ni jambo dogo. Toeni PDF ya bure. Open Journal Systems ni programu ya bure ya kuendeshea majarida, ila inataka seva na mtu wa kuitunza, na mtu huyo ataondoka. Zenodo, inayoendeshwa na CERN, inahifadhi faili na kuipa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni, bila malipo. Kwa jarida changa inatosha. ISSN ni namba ya tarakimu nane ya kulitambulisha jarida, haisemi kama ni zuri, kwa hiyo msiitangaze kama medali. Nakala chache za karatasi zitolewe steshenari kwa ajili ya maktaba, walezi na mama zenu. Mwandishi asitozwe hata shilingi, hasa kabla bumu, fedha ya mkopo wa chuo, halijaingia.

Makabidhiano yafanyike wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho, siyo baada, maana baada ya mitihani kila mtu yuko stendi na begi lake. Kaeni wa zamani na wapya meza moja, kaunta buku katikati. Badilisheni nenosiri pale pale, kila mmoja akiwa na simu mkononi. Kisha mhariri mpya atafute mstari wa mwandishi anayesubiri jibu, amwandikie barua yake ya kwanza mkiwa mnamtazama, na aitume kabla hamjainuka.