Saa za kujitolea kabla ya kuomba shule ya PT Marekani: uanzie wapi na ufanye nini ukishaingia

Wadogo zangu mnaosoma huku Marekani na mnataka kuwa PT, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, kwa ile digrii ya udaktari inayochukua kama miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza, swali mnaloniuliza kila siku ni moja, nahitaji saa ngapi za kujitolea, yaani za kumtazama PT akifanya kazi? Inategemea shule. Kuna programu zaidi ya 250 zenye ithibati ya CAPTE, chombo kinachothibitisha programu za PT, na kila moja ina masharti yake, kuna isiyotaka hata saa moja, kuna inayotaka 40, kuna ya 100 na kuendelea, na nyingine zinataka kabisa ugawanye kati ya wagonjwa wa kulazwa na wa nje. Kwa hiyo kabla hujapiga simu popote, orodhesha shule zako, soma masharti ya kila moja kwenye tovuti ya PTCAS (ndio mfumo wa maombi unaotumiwa na shule nyingi), halafu ile yenye masharti magumu kuliko zote ndio iwe lengo lako, ukiitimiza hiyo zingine umeshazimaliza. Angalia pia kama wanakubali saa za kulipwa, kama wanakubali ulizofanya nje ya Marekani, na kama lazima msimamizi awe PT mwenyewe mwenye leseni maana saa za chini ya PTA, yule msaidizi wa PT, kuna shule hazizihesabu.

Hospitali kubwa anza nazo mapema sana. Watataka kipimo cha TB, chanjo za surua, tetekuwanga, homa ya ini B na mafua, watakukagua rekodi ya polisi, watakusomesha sheria ya siri za mgonjwa ya HIPAA, na hayo yote yanakula wiki nyingi. Kama kadi zako za chanjo zilibaki Goma au Mombasa usihangaike sana, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kinga uliyonayo. PTCAS hufunguliwa katikati ya Juni, basi hizo karatasi zishughulikie mwaka mzima kabla, na wakati unasubiri nenda kliniki ndogo za binafsi, huko mara nyingi meneja akikubali unaanza wiki hiyo hiyo. Usiishie kutuma imeili tu. Nenda mwenyewe umevaa vizuri, ulizia meneja wa kliniki, mwambie unasoma wapi, siku gani uko huru, na kwamba chanjo zako ziko tayari. Hilo la mwisho linawafurahisha sana.

Sasa kuna mlango ambao watu wetu wanaupita kila siku bila kuuona. Wengi wetu tunafanya kazi nyumba za wazee kama CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, tunaogesha, tunageuza, tunalisha, na jengo hilo hilo lina chumba cha mazoezi na PT anaingia karibu kila siku. Saa zako za CNA hazihesabiki kama za PT, hilo lieleweke, ila unaweza kumfuata mkuu wa mazoezi ukamuomba umtazame PT akifanya kazi kabla ya shifti yako au baada, bila malipo, na saa hizo uziandike mbali kabisa na za kazi. Wewe huyo mzee unamjua, unajua anaogopa kuanguka, unajua mguu upi unamsumbua usiku, na PT makini atakusikiliza. Mimi naona hii inakupa faida kubwa kuliko mtoto wa tajiri aliyekaa kliniki moja ya wanamichezo anaangalia magoti ya wachezaji mpira mwaka mzima.

Maana aina za wagonjwa ndizo zitakazokusaidia kwenye barua yako ya maombi na kwenye interviu. Tafuta angalau sehemu tatu tofauti, kliniki ya wagonjwa wa nje, wodi ya hospitali, na ama watoto ama watu wa kiharusi. Mtu aliyebadilishiwa goti jana utamkuta leo anasimamishwa na PT kwa woka huku kafungwa mkanda wa kiunoni wa kumdaka asianguke, kule kwa wagonjwa wa nje goti kama hilo linapimwa pembe kwa goniomita wiki hadi wiki, na ukiona pande zote mbili ndipo unaelewa kazi yenyewe ni nini.

Ukiwa ndani usishike mgonjwa bila kuambiwa, simu iwe mfukoni, picha usipige kabisa. Maswali uliza akishatoka mgonjwa, na yasiwe yale ambayo Google inakujibu, uliza kwa nini umebadilisha zoezi, umeona nini ukaamua asimame leo. Futa vitanda, kunja taulo, hakuna kazi ndogo pale. Na akija mgonjwa wa Kiswahili, msalimie kwa heshima, shikamoo mama, atafurahi mno, lakini usigeuke mkalimani wa matibabu, hospitali zina wakalimani waliopimwa na neno moja la dawa au maumivu ukilikosea anaumia yeye.

Kila ukitoka andika siku ile ile: tarehe, mahali, saa, jina la PT, imeili yake na namba ya leseni, aina ya wagonjwa, na kitu kimoja kilichokugusa. Majina ya wagonjwa usiandike hata herufi.

Barua za kukupendekeza PTCAS inapokea mpaka nne na ndugu asikuandikie, kwa hiyo kati ya sehemu zako zote chagua PT mmoja ukae naye miezi, akuone ukichoka na ukirudi tena, ndio atakuwa na la kuandika. Muombe mapema, mpe muda. Zile shule zinazotaka saini ya kuthibitisha saa, ichukue siku unayomaliza pale pale kwa sababu PT wanahama kazi sana, na kama Juni imefika hujamaliza usisimame, PTCAS inakuruhusu kuingiza saa zinazoendelea na ulizopanga, ila hakikisha kwenye masharti ya kila shule tarehe ya mwisho ya kuzikamilisha.