Somo: Asumini kwenye ardhi ya mawe, shimo lake na maji yake

Kila anayeniuliza habari ya asumini huanza kulilaumu jua. Asumini hulipenda jua, na mahali peupe hutoa maua kuliko chini ya mwembe. Linalotutesa sisi wa Unguja, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka Nungwi, ni jiwe. Maji unayomwaga asubuhi hupenya kwenye nyufa za matumbawe, na ikifika adhuhuri mzizi umebaki mkavu. Ukiwa Dole au Kizimbani kwenye kinongo, yaani udongo mwekundu wenye kina, ruka moja kwa moja hadi kwenye kumwagilia.

Hatua ya 1: Shimo. Chimba mwezi wa Februari, ili mvua za masika zikianza Machi uwe tayari. Jembe pekee halitoshi, tafuta mtaimbo. Upana sentimita 60, kina 50. Mawe makubwa yatoe. Usiyarudishe shimoni hata kama unaona uvivu kuyabeba.

Hatua ya 2: Lijaribu. Mimina ndoo moja ya lita 20, ungoje. Maji yakitoweka kabla hujamaliza kuzungumza na jirani, shimo linavuja. Tandika makumbi ya nazi chini, upande wa nyuzi juu, tabaka mbili. Yatanyonya maji na kuyatoa pole pole. Ila makumbi yawe ya nyumbani. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi, waachie wenye kusokota kamba.

Hatua ya 3: Udongo. Ndoo mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hasa, moja ya mboji ya majani. Samadi iliyooza haina harufu kali, na ukiifinya mkononi inamomonyoka. Ya kuku ni kali mno, iache mpaka ipoe miezi kadhaa. Majivu usitie kabisa. Najua bibi zetu walitia, lakini matumbawe yenyewe ni chokaa tayari na majivu yanaongeza ukali ule ule. Jaza, mwagia, acha udongo ushuke, kisha ongeza.

Hatua ya 4: Panda jioni. Zungushia kingo ndogo ya udongo ili maji yasikimbie. Weka matandazo ya majani makavu au makuti chakavu, yakae mbali na shina kadiri ya upana wa kiganja, la sivyo shina litaoza.

Hatua ya 5: Maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kopo moja kila siku hulowesha ngozi ya udongo tu, mizizi inapanda juu kuyafuata na jua la kaskazi linaikausha. Mpe mengi, kwa nafasi. Mche mpya, nusu ndoo kila baada ya siku moja, mpaka uanze kutoa majani mapya. Kichaka kilichoshika, ndoo nzima mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kwa mikupuo miwili: mimina nusu, yakishanywewa umalizie. Kabla ya kumwagia, ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, rudi ndani. Masika acha mvua ifanye kazi.

Maua yakipungua, punguza matawi. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, na anayeogopa mkasi hatapata vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba.

MASWALI

Mwalimu, kisima chetu kina chumvi kidogo. Nitumie?
Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, chumvi imeshajikusanya. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati uyaweke kwa ajili ya miche. Kichaka kikubwa kinaweza kuvumilia kisima, lakini mara moja moja kimwagie maji matamu mengi yaisukume chumvi chini.

Bi mwalimu, majani yangu yamekuwa manjano ila mishipa imebaki kijani. Nizidishe maji?
Hapana, mwanangu, maji usizidishe. Chokaa imefunga madini ya chuma, mzizi hauyapati. Dalili huanza kwenye majani machanga. Fukua juu juu, ongeza mboji kwa wingi, na kama kuna mtu anatia majivu, mzuie kwa adabu.

Shemeji yuko Phoenix, Arizona, ana maua ya airisi mazuri. Anasema kwao ni jangwa na yanastawi, anataka kuniletea viazi vyake.
Mwambie ahsante, ila asilete. Kwanza mimea haivuki mipaka bila cheti cha afya ya mimea. Pili, joto lao si joto letu. Kiazi cha airisi yenye ndevu hulala juu juu kama tangawizi, mgongo nje. Kule hupandwa joto la kiangazi likishapungua, kwenye udongo usiotuamisha maji, na wakati wa joto kali humwagiliwa kwa uchache sana. Usiku wa Januari Phoenix hushuka chini ya nyuzi 10, na baridi hiyo ndiyo inayokiamsha kitoe maua. Kipupwe chetu hakifiki huko, usiku wa Julai bado uko karibu nyuzi 20. Halafu masika ikipiga, kiazi kitaoza.

Nipo Mji Mkongwe, sina ardhi, nina dari tu.
Shoga, ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha, ioshe vizuri. Toboa matundu matano chini, uiinue juu ya mawe mawili. Mchanganyiko ni ule ule, makumbi kiganja kimoja chini. Ndoo hukauka upesi, kwa hiyo kidole kiingie kila asubuhi.