Somo: Kusomea tiba ya maji kwa mbwa, hatua kwa hatua

Wakuu, kwanza tuelewane. Siogeshi mbwa, naogelesha. Shangazi yangu wa Korogwe mpaka leo anawaambia majirani kwamba niko Uingereza nasugua mbwa kwa sabuni, na nimeacha kubishana naye. Kazi yenyewe ni tiba ya viungo inayofanyika ndani ya maji ya uvuguvugu. Wanaoletwa ni mbwa waliopasuliwa goti, wenye nyonga mbovu, waliopooza miguu ya nyuma, na wazee ambao viungo vimekaza hata ngazi tatu za nyumbani kwao zimewashinda.

Naandika kwa utaratibu wa Uingereza kwa kuwa ndiko nilikosomea. Wengi mnaoniuliza mnaanza na "napenda sana mbwa". Vizuri, lakini mbwa ndiye sehemu rahisi. Kitakachokutoa jasho ni maji na makaratasi.

Hatua ya 1: Kakae pembeni ya bwawa kabla hujalipa ada

Omba kujitolea kwenye kituo siku mbili tatu. Watakupa kazi ya kukausha mbwa, kufua mataulo na kutoa manyoya kwenye chujio. Kubali. Kama mgongo wako una kasoro utajua siku hiyohiyo, maana unashinda umeinama, umevaa suti ya mpira inayobana, unamshikilia mnyama wa kilo arobaini asiyetaka kushikiliwa. Mimi siku ya pili nilikula chakula cha jioni nimesimama. Kiuno kilikataa kukaa.

Hatua ya 2: Chagua kozi inayotambulika

Uingereza sheria hailindi jina la kazi hii. Mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni kesho asubuhi, ndiyo maana vyeti vya wikendi vya mtandaoni vimejaa. Unachotafuta ni cheti cha Ngazi ya 3 cha tiba ya maji kwa wanyama wadogo; juu yake kuna diploma kwa atakayependa kuendelea. Kabla ya kulipa, kitafute cheti hicho kwenye rejista ya Ofqual, wanaosimamia vyeti na mitihani kule England, kisha waandikie Canine Hydrotherapy Association au NARCH, vyama vya watoa tiba hii, uwaulize kama mwenye cheti hicho wanampokea. Muuza kozi akianza kuzunguka unapomuuliza hayo, achana naye.

Utasoma anatomia, magonjwa ya mifupa na mishipa ya fahamu, huduma ya kwanza, utunzaji wa maji na namna ya kumshika mbwa. Hakikisha siku za vitendo ni za kweli, unaingia majini wewe mwenyewe na mbwa mgonjwa, si kutazama video. Na mlioko huku kwa viza, someni masharti ya viza zenu kabla ya kujiandikisha.

Hatua ya 3: Yajue maji

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochoka, na ndipo kazi ilipo.

Bwawa la mbwa huwa kati ya nyuzi joto 28 na 32. Yakiwa baridi misuli inakaza, yakizidi moto mbwa anachemka, kwa sababu hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili zaidi kwa kuhema. Tatizo ni kwamba joto hilohilo wadudu wanalipenda pia. Bakteria aina ya Pseudomonas akijenga kwenye mabomba yako, utaona mbwa wanarudi na masikio yananuka na ngozi ina vipele.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mguu wa mbwa haujagusa maji, unachota kichupa kimoja. Unatia kidonge cha kupimia klorini, DPD namba 1, maji yanageuka rangi ya waridi, na ukolevu wa waridi ile ndio unaokuonyesha klorini huru, yaani iliyo tayari kufanya kazi. Unaongeza kidonge namba 3, unapata jumla. Toa ya kwanza kwenye jumla. Kinachobaki ni klorini iliyokwisha kushikana na mkojo na uchafu mwingine. Hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Mgeni akiingia akasema "mmeweka klorini nyingi leo", mara nyingi ukweli ni kinyume: klorini imelemewa.

Halafu unapima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.2 na 7.6. Ikipanda sana klorini ipo lakini haina meno. Yote yanaandikwa kwenye daftari, na saa unaandika. Dawa ya asidi na dawa ya klorini hazikai rafu moja wala hazichotwi kwa kikombe kimoja. Zikikutana zinatoa gesi ya sumu.

Sasa kwa nini maji? Kwa sababu yanabeba. Kuna mashine ya kutembelea iliyo ndani ya tangi la kioo, sisi tunaiita tredimili ya maji. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2010 vilionyesha kwamba maji yakiishia kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, asilimia 85. Yakifika nyongani, asilimia 38 tu. Mchukue Labrador wa kilo 40: mpaka gotini anabeba kilo 34, nyongani zinabaki kama 15. Kwa hiyo kimo cha maji ndiyo dozi yako. Mwanafunzi anayejaza tangi kwa kukisia ni sawa na muuguzi anayemimina dawa bila kijiko.

Hatua ya 4: Barua ya daktari

Sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 1966 inampa daktari peke yake haki ya kumpima mnyama na kutaja ugonjwa wake. Agizo la mwaka 2015 linaruhusu tiba ya viungo ifanywe na mtu mwingine, ila kwa maelekezo ya daktari aliyemwona mnyama huyo. Tafsiri yake mezani: hakuna barua, hakuna maji. Hata mwenye mbwa akilia. Hata akiwa jirani yako.

Barua unaisoma yote. Kidonda hakijafunga, anaharisha, ana homa, moyo haujatulia, ana kifafa kisichodhibitiwa, koo limepooza: usimwingize, mpigie daktari. Na ukiona kitu kipya, mfano uvimbe, unaandika ulichokiona na mahali kilipo. Husemi "hii ni kansa". Ulimi umewaponza wengi kwenye kazi hii.

Hatua ya 5: Nusu saa na mbwa

Anza nchi kavu. Mtazame akitembea kuja kwako na kwenda. Hesabu pumzi, shika mapigo kwa ndani ya paja la nyuma. Pima unene wa mapaja yote mawili kwa futi kamba, ileile ya fundi cherehani, na kila akija upime palepale. Ukihama sentimita mbili umejidanganya kwamba msuli umekua.

Majini, mbwa wa mara ya kwanza anaogelea nusu dakika, anapumzika umemshikilia, mnaendelea. Nilijifunza hili kwa aibu. Wiki ya tatu ya vitendo nilipewa Spaniel mchangamfu anayependa mpira. Nikaona anafurahia, nikamwachia azunguke. Kumbe kila alipoufuata mpira alikuwa anapanua mdomo na kuchota maji. Mwalimu kimya pembeni. Mbwa alipotoka tumbo limejaa kama kiriba, akatapika maji matupu juu ya ndara zangu. Mwalimu aliniuliza swali moja: "Umehesabu pumzi zake mara ngapi?" Sikuwa nimehesabu hata mara moja. Maji mengi tumboni hushusha chumvi kwenye damu, na ikishuka sana mbwa anakufa. Yule alipona, tulimpigia daktari wake palepale. Mpira mkubwa wa kumpanua mdomo sijautumia tena.

Upande wa pili wa kazi ni huu. Kuna Dachshund aliletwa, diski ya mgongo ilikuwa imepasuka, ameshafanyiwa upasuaji, miguu ya nyuma imelala kama soksi. Tulimweka kwenye tredimili, mwenzangu kashika kifua, mimi nimepiga magoti majini nachukua mguu mmoja mmoja naukanyagisha. Kushoto, kulia. Mara ya sita, nikiwa nimeshika nyayo ya kushoto, nilihisi vidole vinasukuma. Kidogo sana, kama mtu anayejigeuza usingizini. Niliacha kushika, nikaangalia. Vikasukuma tena.

Baada ya maji unamsuuza, unamkausha mpaka ndani ya masikio na katikati ya vidole, unaandika ripoti. Ripoti inachukua muda kuliko kuogelea.

Hatua ya 6: Chama, bima, kazi

Jiunge na chama, kata bima ya dhima, hudhuria mafunzo endelevu ya kila mwaka. Jina halilindwi, ni kweli, lakini madaktari wengi huangalia uanachama kabla ya kukuletea mgonjwa. Usikimbilie kufungua bwawa lako. Umeme wa kupasha yale maji hauna huruma.

MASWALI

Mwana wa Pangani: Mkuu, somo limenyooka. Mshahara je?

Jibu: Anayeanza hayuko mbali na kima cha chini cha huku. Wengi tunaunganisha: siku tatu kituoni, siku mbili kwingine. Kama unatafuta hela za haraka, hapa umepotea njia.

Bi Salma: Mimi ni Muislamu, Shafii. Mbwa, tena mbwa aliyelowa. Inakuwaje?

Jibu: Dada, swali lako ni la msingi, na nililipeleka kwa sheikh kabla ya kulipa ada. Kwa madhehebu yetu unyevu wa mbwa ni najisi, panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanaona mbwa ni twahara, yaani si najisi. Mimi nina nguo za kazi zisizotoka kazini, naoga na kutoharisha kabla ya kwenda nyumbani, na sala naipangia nafasi. Yako mpeleke kwa mwalimu wako, usichukue fatwa kwangu.

Fizio wa Moshi: Nimesomea fiziotherapia ya binadamu pale KCMC. Naanza sifuri?

Jibu: Huanzi sifuri, dada, una nusu ya safari mkononi. Uingereza wataalamu wa fiziotherapia waliosajiliwa wanasoma shahada ya juu ya wanyama, chama chao ni ACPAT. Marekani ndiyo nzuri zaidi kwako: kozi ya CCRP, ya tiba ya viungo kwa mbwa, ya University of Tennessee inawapokea madaktari wa mifugo na wataalamu wa fiziotherapia. Mtu wa kawaida kama nilivyokuwa mimi hawamwingizi hapo. Utakachopambana nacho ni usajili wako kutambulika huko.

Chuma Chakavu: Kwa Bongo hii kazi ipo kweli? Mbwa wetu wanalinda geti tu.

Jibu: Mkuu, kituo kizima cha tiba ya maji nisingekushauri leo. Ila usiwadharau mbwa wa kazi. Polisi wanao, na African Wildlife Foundation wamefundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu pale Usa River, Arusha. Mbwa wa namna hiyo akivunjika mguu, miaka ya mafunzo inakaa bure. Mimi ningeanza na daktari wa mifugo mwenye kliniki, nimwekee mazoezi ya nchi kavu kwanza. Bwawa lije wateja wakishakuwepo.

Kijana wa Kigamboni: Mbwa wangu anachechemea. Kwa nini nisimpeleke baharini tu, maji si yaleyale?

Jibu: Si yaleyale, mdogo wangu. Bahari ina mawimbi, huwezi kuamua kimo, na atakunywa chumvi. Anachechemea kwa nini? Hujui, na mimi sijui. Mpeleke kwa daktari ampapase huo mguu kwanza.

Mama Neema: Sijui kuogelea. Nisahau?

Jibu: Usisahau, mama. Kwenye mabwawa mengi unasimama, maji yanafika kifuani. Lakini jifunze tu, mbwa wa kilo hamsini akikupandia begani utanielewa.

Mwana wa Pangani: Samahani mkuu, yule Dachshund aliishia wapi?

Jibu: Alikuja miezi minne. Sasa anatembea kwa kupepesuka, kiuno kinakwenda kushoto wakati yeye anakwenda kulia. Wiki jana mwenye naye kaniletea malalamiko kwamba kaanza tena kupanda kochi, na mimi nilishakataza.