Kabla Hamjapanda Gari la Loiyangalani

Kama kikundi chenu kinapanga kwenda kuona mitambo ya stima ya upepo ya Sarima, upande wa Loiyangalani kule Marsabit, anzeni na simu zenu. Kila atakayesafiri afungue ujumbe wa mwisho wa tokeni za stima alizonunua, asome alilipa shilingi ngapi, uniti ngapi ziliingia kwenye mita, na kiasi gani kilimezwa na tozo. Miongoni mwa tozo hizo kuna ya mafuta yanayochomwa na mitambo ya kuzalisha umeme, na ya kupanda na kushuka kwa fedha za kigeni. Sasa, stima ya upepo wa Marsabit haichomi mafuta, lakini mkataba wa kuinunua uliandikwa kwa yuro. Mwanachama akishayaona hayo mawili kwenye simu yake mwenyewe, ana sababu ya kusafiri. Mkutano wetu wa kwanza wa maandalizi tuliufanya hivyo, watu kumi na wanane ndani ya ukumbi wa kukodi Kariobangi, na giza lilitukuta tungali tunabishana.

Pili, hakikisheni kila mtu anajua tofauti ya kilowati na uniti. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wazima, tena wasomi, wakiandika daftari zima la takwimu zisizowaambia kitu. Kilowati ni nguvu ya mtambo. Uniti ni kazi iliyofanyika. Pasi ya kilowati moja ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Kule mnakokwenda kuna mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, ndiyo maana jumla inatajwa kuwa megawati 310. Upepo ukivuma sawasawa, mtambo mmoja hutoa uniti 850 kwa saa. Nyumba ya mtaa wa Umoja, Nairobi, inayotumia uniti 50 kwa mwezi ingekaa na stima hiyo ya saa moja miezi 17. Hesabu hiyo ifanyeni ubaoni, mpeni chaki yule asiyependa hesabu.

Kisha nendeni Ngong. Jumamosi moja, matatu ya 111, halafu mpande vilima kwa miguu. Mitambo iliyojengwa pale mwaka 2009 ni ya kilowati 850 vilevile, na historia ya upepo Ngong inarudi hadi 1993. Ni mazoezi mazuri: mtajua nani anauliza maswali, nani anapiga picha tu, na nani magoti yake yanahitaji dawa. Pia mtafika Marsabit mkiwa na cha kulinganisha. Kwa nini kule kuna upepo wa nguvu namna ile, mwezi baada ya mwezi? Jibu liko kwenye ramani: nyanda za juu za Kenya upande mmoja, za Ethiopia upande wa pili, na bonde la Turkana katikati likiubana upepo kama mtu anavyobana mdomo wa mpira wa maji. Ramani hiyo ichoreni mapema. Mtakapokuwa chini ya mitambo, upepo hautawaacha msikie mtu akieleza.

Someni pia yaliyopita. Mitambo ya Sarima ilikuwa imejengwa yote mwaka 2017, lakini stima haikuwa na njia ya kutoka hadi Septemba 2018, ilipokamilika laini ya msongo mkubwa ya zaidi ya kilomita 400 kwenda kituo cha stima cha Suswa. Zaidi ya mwaka mzima upepo ulivuma bure, na serikali ikajikuta inadaiwa fidia. Kwangu mimi hili ni somo kubwa kuliko mitambo yenyewe, na mkiwa na nafasi ya swali moja tu kwa mhandisi, mwulizeni kuhusu laini. Mkipata nafasi ya swali la pili, liwe la usiku: upepo wa kule hushika kasi usiku wa manane, saa ambazo Nairobi imelala. Stima hiyo inakwenda wapi?

Barua ya kuomba kutembelea mitambo itangulie miezi kadhaa, ikiwa na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho. Kwenye safari nyingine, kituo kingine, wenzetu watatu walibaki nje ya lango kwa sababu karani aliandika majina ya kuitana mtaani. Walikaa juani kwa muda wa saa nne. Ulizeni kama mtapewa kofia ngumu na vesti au mje nazo, na viatu viwe vya kufunika vidole. Anayetaka kurusha droni atafute kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla, la sivyo aiache nyumbani.

Barabara haihitaji maneno mengi. Hadi Laisamis ni lami, mkilala Isiolo mtapumzika vizuri. Kutoka Laisamis hadi Sarima ni kilomita 208 za barabara iliyokarabatiwa ili mitambo ipite, na mawe yake ya volkano hukata matairi, kwa hiyo spea ziwe mbili na dereva awe mtu aliyewahi kufika. Msisafiri usiku. Epukeni mvua za masika, maana laga, yaani mto wa msimu, lililo kavu asubuhi laweza kulichukua gari jioni. Hali ya usalama ulizieni kwa utawala wa eneo wiki ya safari yenyewe, habari za mwezi uliopita hazitoshi. Maji ya kunywa beba lita tano kwa mtu kwa siku. Ya Ziwa Turkana yana chumvi na magadi. Pesa taslimu pia, kwa sababu M-Pesa inategemea mtandao.

Nimeyaharakisha hayo ili nifike kwa wenyeji. Mradi umesimama kwenye ardhi ambayo Warendile, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wamechungia na kuishi tangu zamani. Ekari 150,000 zilikodishwa, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Msiende bila kuisoma hukumu hiyo na yaliyoifuata. Si haki mtu wa Nairobi kuwasha taa kwa upepo wa Sarima kisha afike Sarima asijue kwamba wenye malisho walikwenda mahakamani.

Basi pangeni siku nzima ya kijiji, isiwe saa moja ya mabaki baada ya kuwaona wahandisi. Mpiteni chifu kwanza, awafikishe kwa wazee. Tafuteni wakalimani wawili, mmoja wa Kisamburu na mmoja wa Kiturkana, mwaelewane malipo yao mapema. Wanawake wa kikundi wakae na akina mama wa kijiji pembeni, watasikia ambayo hayatasemwa barazani. Bebeni sukari na majani ya chai. Wazee wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na fundi wa sola aliyemo kwenu anaweza kurekebisha taa za shule au kuchunguza betri ya zahanati kabla ya jua kutua. Aende na vifaa vyake na waya wa akiba. Maswali yenu yawe ya mtu na jirani yake: Nyumba hii ina stima? Barabara imewaletea nini? Mnalisha mifugo chini ya mitambo? Kamera ikae mfukoni hadi mruhusiwe.

Mchango ukusanywe kwa awamu, mweka hazina asome hesabu mbele ya wote, na akiba ya dharura isiguswe hata kwa nyama choma ya Nanyuki.

Tarehe ya mkutano wa kurudi iwekwe kabla hamjalipa arubuni ya gari, palepale ukumbini, na kila mmoja aje na zile tokeni zake tena. Mteueni pia wa kuchapisha picha za wazee waliokubali kupigwa. Zifungwe kwenye bahasha, majina yaandikwe nyuma, na zipelekwe Sarima na gari la kwanza linalopanda.