Namna ya kuzitafuta na kuzifunga akaunti za enzi za intaneti kafe

Mtu aliyeanza kutumia intaneti Afrika Mashariki kati ya mwaka 2000 na 2010 ameacha nyuma yake akaunti nyingi kuliko anazozikumbuka, na nyingi kati ya hizo zilifunguliwa kwa haraka. Kabla mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM haujafika katika pwani yetu Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ilipitia kwenye setilaiti, ikawa ghali na ya polepole, nasi tulilipia kiti cha intaneti kafe kwa nusu saa au saa moja huku tukiiangalia saa ukutani. Katika hali hiyo ni wachache waliosoma masharti ya matumizi. Wengi walijaza jina kamili, tarehe halisi ya kuzaliwa na mji wanaoishi kwa sababu fomu iliuliza, na wengine walifunguliwa akaunti na mhudumu wa kafe, ambaye ndiye aliyewachagulia nywila na kuwaandikia kwenye kipande cha karatasi. Taarifa hizo bado zipo, na leo jina na tarehe ya kuzaliwa ni miongoni mwa mambo ambayo watoa huduma huyauliza wanapotaka kumtambua mteja.

Kazi ya kuzisafisha ina mpangilio wake, na mpangilio huo ndio ninaousisitiza zaidi ya kitu kingine chochote: barua pepe ya zamani hupatikana kwanza na hufungwa mwisho, au haifungwi kabisa. Watu wengi makini huanza kwa kuifuta, wakiamini kwamba wameondoa mzizi wa tatizo, kumbe wamejinyima njia pekee ya kuzifikia akaunti nyingine zote, kwa kuwa kiungo cha kubadilisha nywila iliyosahaulika hutumwa kwenye anwani hiyohiyo. Hatari nyingine ni kwamba anwani iliyoachwa inaweza kupata mwenyewe mwingine. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba itawapa watu wapya majina ya akaunti ambazo hazijatumika kwa mwaka mzima au zaidi, na baadhi ya waliopewa majina hayo walianza kupokea barua zilizokusudiwa kwa wenye majina wa awali.

Ukishaingia kwenye barua pepe hiyo, badilisha nywila papo hapo na uweke mpya ambayo hujawahi kuitumia mahali pengine, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ule unaodai uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu yako, juu ya nywila. Usidhani kwamba nywila yako ya zamani haijulikani kwa sababu tu hukumwambia mtu. Yahoo ilikiri mwaka 2017 kwamba uvujaji wa taarifa wa Agosti 2013 uliziathiri akaunti zake zote, zipatazo bilioni 3, na taarifa zilizochukuliwa zilihusisha nywila zilizofumbwa kwa mbinu dhaifu pamoja na maswali ya usalama ya baadhi ya watumiaji. Maswali hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini na msomaji wa kwetu. Swali la jina la mama kabla ya kuolewa lilitungwa kwa jamii ambazo mwanamke hubadili jina akiolewa, ilhali katika familia nyingi za pwani mama hubaki na jina la baba yake maisha yote, na mtaa mzima unalijua. Shule ya msingi uliyosoma nayo umeitaja wewe mwenyewe kwenye wasifu wako ili wenzako wa darasani wakupate. Ikiwa huduma bado inakulazimisha kuweka swali la namna hiyo, andika jibu lisilohusiana nalo kabisa na ulihifadhi pamoja na nywila zako, iwe katika programu ya kutunza nywila au katika daftari linalokaa nyumbani.

Sasa tumia barua pepe hiyo kuwa kumbukumbu yako. Kwa kuwa huduma nyingi za wakati ule zilituandikia kwa Kiingereza, tafuta ndani yake maneno kama "welcome", "confirm" na "password", na majina ya mitandao iliyotamba, kama Hi5 na MySpace. Andika kila unachokiona. Baada ya hapo iingize anwani hiyo kwenye tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, ambayo itakuonyesha ni katika uvujaji upi unaojulikana anwani yako ilikuwemo. Kipimo hicho kinahitaji anwani tu. Mahali popote panapokuomba pia nywila ya barua pepe yako ili pakufanyie kipimo kama hicho, ondoka. Wengi hugundua kwa njia hii akaunti walizozisahau kabisa, kwa mfano za MySpace, ambayo taarifa za akaunti zake zipatazo milioni 360 zilijitokeza hadharani mwaka 2016.

Ingia katika kila akaunti uliyoiandika, lakini usibonyeze kitufe cha kufuta mara moja. Pakua kwanza nakala ya picha na maandishi yako, kwa kuwa kwa baadhi yetu huko ndiko zilikobaki picha pekee za wazee waliokwisha kufariki. Kisha utazame kilichomo kwa macho ya mtu asiyekufahamu. Picha za harusi na misiba tulizozipandisha bila kuwauliza wahusika, watoto waliotajwa kwa majina kamili ambao leo ni watu wazima wanaotafuta kazi, namba za simu tulizoachiana kwenye kurasa za wasifu kana kwamba tunaongea barazani: hayo yote yanahusu faragha ya watu wengine, nasi ndio wenye uwezo wa kuyaondoa. Mimi huona kwamba deni hili kwa wenzetu ni kubwa kuliko deni tulilo nalo kwa nafsi zetu, maana wao hawakupewa nafasi ya kukataa.

Kwa upande wa Facebook, ambayo wengi hawataki kuiacha, kuna kitufe katika mipangilio ya faragha kinachoyafanya machapisho yote ya nyuma yaliyokuwa wazi kwa umma, au kwa marafiki wa marafiki, yaonekane kwa marafiki pekee. Kitumie, halafu uipitie orodha ya marafiki, kwa sababu kinga hiyo haina maana ikiwa umeongeza watu elfu usiowajua. Ukiamua kuifuta akaunti yenyewe, una siku 30 za kughairi, na kuondolewa kwa taarifa zote huweza kuchukua hadi siku 90.

Zitabaki akaunti usizoweza kuziingia, hasa zilizounganishwa na laini ya simu uliyoiacha. Hapo iandikie huduma husika, eleza kwamba taarifa ni zako na kwamba unaomba zifutwe, na uhifadhi nakala ya barua. Nchini Kenya una Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kuomba kufutwa kwa taarifa zisizohitajika tena au zilizopatikana isivyo halali, na Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Kampuni ya mbali inaweza kuchelewa kujibu, lakini benki, shule au mwajiri wa hapa nchini aliyeweka taarifa zako wazi kwenye tovuti yake anafikika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usiishie kuwaza mitandao mikubwa tu.

Kabla hujaiacha laini yoyote ya simu kuanzia sasa, iondoe kwanza kwenye barua pepe, mitandao ya kijamii, WhatsApp na huduma za fedha, kwa kuwa kampuni za simu huigawa upya namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika, na mpokeaji wake ndiye atakayeletewa ujumbe wenye namba za siri zako. Barua pepe ya zamani nayo iache hai hata ukiwa umehamia nyingine: ingia kila baada ya miezi michache, na uhakikishe kwamba namba ya simu na anwani ya akiba zilizoandikwa humo ni zile unazozitumia leo.